Kuweza Naweza

Mama yangu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka kwa miaka 18. Jioni alirudi nyumbani nyusi na kope zikiwa nyeupe pe, na sisi watoto tulimcheka, tukasema mama leo kawa bibi. Alinawa uso kwanza ndipo akaitikia shikamoo zetu. Mtaani kwetu Morogoro kila mtu alimwita mwanamke wa nguvu. Alinyanyua debe la mahindi peke yake, alipima, alimimina, alikinga unga, alirudisha chenji, na kikohozi chake kilisikika hata mashine ikinguruma. Baba aliondoka mwaka 2004 kwenda kutafuta madini Mererani. Alirudi mara mbili, kisha hakurudi tena. Tangu hapo mama alikuwa na nguvu kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi ya kuwa nazo.

Nimeanza na mama kwa sababu bila yeye neno ninalotaka kulizungumzia lingenipita tu, kama maneno mengine mengi ya darasani. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, kwenye kozi ya hadithi fupi. Mwalimu alitugawia nakala iliyofifia, imepigwa fotokopi ya fotokopi, na juu yake kulikuwa na kichwa cha neno moja: Smeddum. Kamusi yangu ya Kiingereza haikuwa nalo. Mwalimu akasema hilo ni neno la Kiskoti, tulitafute wenyewe.

Kiskoti ni lugha ya nyanda za chini za Uskoti, ndugu wa Kiingereza wa baba mmoja, maana vyote viwili vimetokana na Kiingereza cha kale. Si Kigaeli, lugha ya milimani, ambayo ni ya ukoo mwingine kabisa. Zamani Kiskoti kiliandikiwa sheria na mashairi ya ikulu. Baadaye mfalme wake akahamia London mwaka 1603, na bunge lake likaunganishwa na la Uingereza mwaka 1707, na wasomi wakaanza kukionea haya. Mwanafalsafa David Hume, mtu aliyethubutu kutilia shaka karibu kila kitu, mwaka 1752 alichapisha orodha ya maneno na misemo ya Kiskoti ambayo mwandishi mstaarabu anapaswa kuikwepa. Msomaji aliyewahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya nyumbani atalielewa jambo hili bila maelezo. Hata hivyo lugha haikufa. Katika sensa ya mwaka 2011 watu wapatao milioni 1.5 walisema wanaizungumza, na mwaka 2025 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuitambua rasmi pamoja na Kigaeli.

Nilipolipata neno lenyewe kwenye kamusi kubwa ya Kiskoti mtandaoni, nilicheka peke yangu maktaba. Maana yake ya kwanza ni unga. Limetoka kwenye neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha unga laini, ule uliosagwa na kuchekechwa. Kutoka hapo likawa jina la ungaunga wa kila aina. Wachimbaji wa madini ya risasi huko Uingereza walikuwa na neno la ukoo huohuo kwa vumbi la mawe yenye madini. Robert Burns, katika shairi lake juu ya chawa aliyemwona akitambaa kwenye kofia ya mwanamke kanisani, lililochapishwa mwaka 1786, alilitumia kwa unga wa sumu ya kuulia wadudu. Mpaka hapo ni unga tu, wa kula au wa kuua.

Halafu maana ikahama. Unga ni kile kinachobaki baada ya ganda kuondolewa, kwa hiyo neno likaanza kumaanisha ile nguvu iliyomo ndani ya kitu, kiini chake, kinachokifanya kiwe na kazi. Kutoka kwenye kitu likahamia kwa mtu. Mtu mwenye smeddum ana moyo, ana msukumo, ana akili ya kujua la kufanya na uthubutu wa kulifanya. Hizo ndizo maana tatu: unga, kiini cha kitu, roho ya mtu. Mimi mtoto wa mashine ya kusaga nililiona neno hilo kama jamaa aliyepotea.

Nililinganisha na yetu. Kiswahili kina maneno mengi ya nguvu za moyo, lakini chunguza yametoka wapi. Ukakamavu umetokana na kukakamaa, na kinachokakamaa ni ngozi iliyoanikwa juani au maiti. Ushupavu umetokana na kushupaa, kuwa kigumu. Mtu aliye taabani tunamwambia ajikaze, kana kwamba ni kamba iliyolegea. Ustahimilivu tuliuchukua kwa Waarabu, na mzizi wake ni uleule uliotupa hamali, mchukuzi wa mizigo. Kwa hiyo mtu tunayemsifu kwa nguvu zake, kwa lugha yetu, ama amekauka, ama amekuwa mgumu, ama amevutwa akakaza, ama amebebeshwa. Silaumu lugha. Lugha hutunza kumbukumbu ya jinsi watu walivyoishi, na watu wetu walibeba kwelikweli. Lakini tangu siku ile siwezi kusikia mtu akimwambia mfiwa "jikaze" bila kuiona ile kamba.

Waskoti nao wana neno lao la kuvumilia, nalo ni jingine kabisa: thole. Ni kongwe kama smeddum, nalo limetoka Kiingereza cha kale. Kuthole ni kustahimili lisiloepukika, kama baridi, maumivu au mume mbaya. Kwao kubeba kuna neno lake, na ile nguvu ya ndani ina neno lake. Sisi tumeyaweka yote kwenye kapu moja, tukaandika juu yake nguvu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyo ndani ya hadithi tuliyogawiwa. Mwandishi wake ni James Leslie Mitchell, aliyejulikana kwa jina la kalamu la Lewis Grassic Gibbon. Alikulia kwenye mashamba ya kaskazini-mashariki mwa Uskoti na akafariki mwaka 1935, akiwa na miaka 33. Hadithi imo katika kitabu alichokitoa mwaka 1934 pamoja na mshairi Hugh MacDiarmid. Inamhusu Meg Menzies, mama wa watoto tisa, mwenye shamba dogo na mwanaume mlevi. Meg analima, anazaa, anapiga kelele, anawasukuma watoto wake mpaka wanasimama. Mpaka hapo unaweza kudhani umeshaijua hadithi: mama shujaa, mateso, watoto wanafanikiwa, tunalia. Lakini mwishoni watoto wake wakubwa, watu wenye heshima zao sasa, wanakusanyika kumtaka amkemee dada yao Kathie, aliyeamua kwenda kuishi na mwanaume bila ndoa. Wanaona aibu. Meg anawasikiliza, kisha anawaambia kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufunga ndoa na baba yao. Na kama kufanya hivyo ni vyema au ni vibaya, kwake inategemea kama mtu ana smeddum au hana.

Darasani tulibishana sana. Wengine walisema mwandishi anahubiri uasherati. Mwanafunzi mmoja alisema Meg ni mfano wa mwanamke wa Kiafrika, kwa sababu anavumilia. Mwalimu akamuuliza ni wapi kwenye hadithi neno lile limetumika kwa uvumilivu wake. Tulirudi kwenye nakala zetu. Neno linakuja mwishoni, pale anapokataa kuungana na kikao. Kazi zote zile za miaka zilikuwa thole. Smeddum ilikuwa ile hapana.

Nililiandika hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba mwaka uleule, 2019, ningekaa kwenye kikao kama kile, upande usio sahihi.

Baba alirudi. Alirudi kwa gari la mtu, amepigwa na kiharusi, upande wa kushoto hauna kazi. Ukoo ukaitana Kilosa, nyumbani kwa baba mkubwa. Tulikuwa watu wazima tisa. Baada ya sala na chai, baba mkubwa akamgeukia mama akasema maneno ambayo nayakumbuka yote:

"Shemeji, wewe ni mwanamke wa nguvu. Sisi wote ni mashahidi. Umelea watoto hawa peke yako, umesomesha mpaka chuo kikuu. Huyu mgonjwa mmoja hatakushinda."

Wote wakaitikia kwa kichwa. Mama hakujibu. Alinitazama mimi, mwanawe wa kwanza, niliyesoma hadithi ya Meg Menzies nikapata alama nzuri. Nami nikasema:

"Mama, tujikaze tu. Wewe utaweza."

Alinyamaza muda mrefu. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. Kisha akamwangalia baba mkubwa, si mimi, akasema kwa sauti ileile aliyotumia kutaja bei ya kusaga debe:

"Shemeji, kuweza naweza. Sitaki."

Niseme ukweli, niliona aibu. Wale walikuwa wamefunga ndoa ya kanisani, tena wameapa kwa shida na raha. Baba alikuwa chumba cha pili, anasikia. Shangazi, dada yake baba, alilia. Mmoja wa baba wadogo alisema kumbe ndiyo maana mwanaume alikimbia. Mama alisimama, akamwaga kila mtu kwa heshima, akaenda kupanda basi.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijiuliza kama alifanya sawa, na sijawahi kupata jibu lisilo na mwiba. Upande mmoja, mgonjwa ni mgonjwa. Mtu asiyeweza kugeuka kitandani hana deni analoweza kulilipa kwa kuachwa hapo. Kama maadili yana msingi wowote, basi ni huo: aliyeanguka huinuliwa, kisha maswali baadaye. Upande wa pili, mama alikuwa na umri wa miaka 49, kifua kimejaa miaka ya vumbi, na mwanaume yule alikuwa amemwacha na watoto wanne bila shilingi.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliona siku ile, na ndilo linalonifanya niandike. Hakuna aliyesema kwenye kikao kwamba mama anapaswa kumpokea baba kwa sababu anampenda, wala kwa sababu baba anastahili. Hoja ilikuwa moja tu: ana nguvu. Ushahidi wa nguvu hizo ulikuwa mateso ambayo wengi wa waliokuwa kikaoni waliyatazama bila kunyoosha mkono. Walikuwa wamehesabu kila debe alilonyanyua, na hesabu hiyo ikawa sababu ya kumwongezea jingine. Hivi ndivyo sifa inavyofanya kazi mara nyingi. Tunamsifu mtu kwa kubeba, na sifa ikishakubalika, huwa imeshageuka kuwa mzigo unaofuata. Asiye na nguvu husaidiwa. Mwenye nguvu hupongezwa.

Tena angalia aliyeachwa nje ya hesabu. Mimi nilikuwa na miaka 22, sina hata mafua, na mbele yangu kulikuwa na likizo ndefu. Pale kulikuwa na baba mkubwa, baba wadogo wawili na binamu zangu wawili wenye pikipiki. Hakuna aliyetugeukia akasema, ninyi ni wanaume wa nguvu, huyu mgonjwa mmoja hatawashinda. Nguvu zetu sisi zilikuwa za kwetu. Nguvu za mama zilikuwa mali ya ukoo.

Ningependa kuishia hapo, mama akiwa Meg Menzies wa Morogoro na mimi mwana aliyetubu. Ila baba hakuyeyuka. Aliyemchukua ni shangazi, yule aliyelia. Alikuwa na miaka 58 na shinikizo la damu. Alimwogesha, alimlisha uji, alimbadilisha nguo kwa miezi 11 mpaka alipofariki. Hapana ya mama iligeuka kuwa ndiyo ya mwanamke mwingine. Hadithi ya Gibbon haiulizi swali hilo: mtu mmoja akisema sitaki, ni nani anayebaki na beseni mkononi? Nadhani ndiyo maana wengi tunawaogopa watu wenye smeddum. Tunajua kwamba wakiuweka chini mzigo, mzigo utaanza kututafuta sisi.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kukataa ni bora kuliko kuvumilia. Shangazi hakuwa mjinga wala mtumwa. Alimpenda kaka yake. Nilipokwenda Kilosa likizo ile, kwa wiki mbili tu, alinifundisha jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega, na nilimwona akimwimbia baba huku akimkata kucha. Ule ulikuwa uvumilivu, na ulikuwa na kiini. Nilimuuliza kama amechoka. Alisema, "Nimechoka, lakini nilichagua." Neno la pili ndilo lililobeba la kwanza. Mama angebeba bila kuchagua, na nadhani hapo ndipo mahali pa kuzitofautisha nguvu mbili. Swali lisiwe kiasi gani mtu amebeba. Liwe kama alikuwa na uwezo wa kusema hapana, na baada ya hapana hiyo akabaki kuwa mtu kamili machoni petu.

Sheria ya Uskoti imelihifadhi lile neno thole mahali pazuri. Mtu aliyekwisha kupitia kesi mpaka mwisho wake husemwa kwamba amekwisha kuivumilia hukumu, na kwa kawaida hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Sheria ya mwaka 2011 imeweka mazingira machache tu ya kipekee. Ninalipenda wazo hilo kuliko mengi niliyoyasoma chuoni. Kwamba kuvumilia mara moja kunakupa haki. Kwamba yaliyokupata yanahesabika upande wako, yanakukinga, hayageuzwi kuwa ushahidi kwamba unaweza kupata tena. Siku ile Kilosa mama alikuwa ameshaivumilia kesi yake kwa miaka 15, na sisi tukaifungua upya.

Nina jambo moja zaidi juu ya unga. Waskoti wa zamani walidhani nguvu ya nafaka iko kwenye unga laini, uliochekechwa, na wakaupa moyo wa mtu jina hilo. Sisi tunaokula ugali tunajua zaidi. Sembe ni nyeupe na laini kwa sababu mahindi yamekobolewa, ganda na kiini vimetoka, vimekwenda na pumba kwa kuku. Dona ni mahindi mazima, na ndiyo yenye lishe zaidi. Lakini sembe hukaa dukani muda mrefu, na dona huharibika upesi, kwa sababu kile kiini kina mafuta. Nimeanza kuwaogopa watu wasioharibika. Mtu anayedumu miaka yote, halalamiki, hachachi, kila mtu anamtegemea, inawezekana kilichomwezesha kudumu ni kwamba kiini kilishaondolewa siku nyingi, nasi tukauita weupe huo ushujaa.

Mwaka 2022 mama aliacha kazi ya mashine. Kifua kilimshinda. Mwaka jana nilimsimulia hatimaye juu ya lile neno, kwamba kuna watu huko mbali ambao kwao unga na moyo wa mtu ni kitu kimoja. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akasikiliza bila kuinua kichwa. Nikamuuliza pia, kwa mara ya kwanza, juu ya Kilosa, na nikamwomba msamaha kwa lile nililosema.

Hakusema yamekwisha. Alisema kwamba mashine yao ilikuwa ya mawe, na vijana wapya walipenda kuyakaza sana ili unga utoke laini na wateja wasifu.

"Ukiikaza mno," alisema, "unga unatoka wa moto, unanuka kuungua. Ugali wake haushiki. Na ukishaungua, hata ukiulegeza vipi, huo huo. Unamwaga."

Akapepeta mchele mara moja, makapi yakaruka, akaendelea kuchambua.